Bloa Inaweza Kungoja



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na vijana wa hapa Kakamega, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, si la programu hata kidogo. Wananiuliza: bloa gani ni nzuri na ya bei nafuu? Kwa asiyejua, bloa ni ile mashine ya mezani inayopuliza hewa moto, ambayo fundi simu huitumia kung'oa chipu. Jibu langu huwa halipendwi. Huwa nasema: usinunue bloa, si sasa. Mtu hunikodolea macho kama aliyeuliza njia ya Kisumu akaambiwa arudi nyumbani. Basi leo nimeona niandike jibu refu, atakayeudhika audhike akiwa ameelewa.

Pengine utashangaa mwandishi wa programu anatafuta nini kwenye moshi wa lehemu. Ni hivi. Programu nyingi ninazoandika haziishi kwenye kompyuta ya ofisini, zinaishi ndani ya vijisanduku: kidhibiti cha mashine ya kutotoa vifaranga, kipima maji cha tangi, kengele ya lango. Programu hainyeshewi. Bodi ndiyo hunyeshewa, ndiyo huliwa na mchwa waliofuata joto lake, na ndiyo hupigwa na radi. Kanda ya Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani, jambo ambalo mwenyeji wa Kakamega hahitaji kusomewa: asubuhi jua, saa nane mawingu, saa kumi ngurumo. Radi ikipita karibu na nyaya za stima, mara nyingi kinachokufa ni vipuri viwili vitatu pale stima inapoingilia, diodi fulani, rigyuleta, labda transista moja. Kipuri chenyewe ni cha shilingi chache. Kijisanduku kizima ni cha maelfu, na mwenye vifaranga anahesabu siku 21 za mayai yake. Kati ya zile shilingi chache na yale maelfu kuna kazi moja tu, nayo ni kukitoa kipuri kilichokufa bila kuiua bodi.

Nasema kukitoa kwa makusudi. Kuweka kipuri ni kazi nyepesi, unachoma mguu mmoja, unapumzika, unachoma wa pili. Kukitoa ni jambo jingine, kwa sababu miguu yote inatakiwa iwe majimaji kwa wakati mmoja, au kila mguu usafishwe kabisa mpaka uwe huru tunduni. Kipuri chenye miguu minane kinashikiliwa hata na mguu mmoja uliobaki. Hapo ndipo mtu hushikwa na hasira, huvuta, na kile kidoa cha shaba ambacho mguu ulikaa juu yake huja nao kama kigaga cha kidonda. Kidoa kikishang'oka, kazi ya dakika kumi imekuwa ya saa mbili za kutafuta njia ya shaba na kuunganisha nywele ya waya. Mara nyingine ndiyo imekwisha. Kwa hiyo unapopima bei ya kifaa, usiipime kwa kifaa kingine. Ipime kwa bodi. Na bodi, tukumbuke, kwa kawaida ni ya mtu mwingine aliyekuamini.

Sasa tuingie kwenye joto, maana kila kitu hapa ni joto.

Lehemu ya zamani, ile waya laini ambayo wengine huiita risasi, ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ile ya sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Redio ya babu yako ilichomewa kwa hiyo. Umoja wa Ulaya ulipoipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia tarehe 1 Julai 2006, viwanda vya dunia nzima vilifuata, kwa sababu hakuna kiwanda kinachotaka kutengeneza bodi za namna mbili. Badala yake wanatumia bati lenye fedha kidogo na shaba kidogo, nalo huyeyuka kwenye nyuzi 217 mpaka 220. Ongeza kwamba bodi za siku hizi zina matabaka kadhaa ya shaba ndani, na shaba hunyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji. Ndiyo maana fundi mzee anayeng'oa kapasita ya amplifaya huku anapiga gumzo hukwama akipewa ruta ya mwaka jana.

Upande wa pili wa hesabu ni gundi. Vidoa vya shaba vimegandishwa kwenye bodi kwa utomvu. Bodi ya kijani ya nyuzi za kioo huanza kulainika mahali fulani kati ya nyuzi 130 na 170 kutegemea aina yake, yaani kabla hata lehemu haijayeyuka. Zile bodi za kahawia za karatasi, ambazo bado zimejaa kwenye chaja na redio za bei ya chini, ni dhaifu zaidi. Maana yake ni kwamba kila unapochoma, tayari uko katika eneo la hatari. Kinachokuokoa ni muda. Sekunde mbili tatu hazina neno, lakini sekunde ishirini za kusugua ndizo zinazoua. Na hapa watu wengi hufanya kinyume cha akili: wakiona lehemu haiyeyuki, wanachukua chuma chembamba zaidi ili "wasiharibu", halafu wanakigandamiza kwa nguvu.

Nenda kamuangalie fundi bati anayetengeneza koroboi na ndoo za kunyweshea miche. Chuma chake cha kulehemu ni pande la shaba nene kama kidole gumba cha mguu, limefungwa kwenye fimbo ya chuma, linapashwa kwenye jiko la makaa. Hakina stima, hakina kipima joto, lakini akikigusisha kwenye mshono, lehemu hutiririka mara moja na yeye huyo, anaendelea. Kwa nini? Kwa sababu lile pande limebeba joto jingi, linalimwaga lote haraka, na kazi inaisha kabla joto halijasambaa. Ncha nyembamba kama sindano imebeba joto la kijiko cha chai. Hata ukiiambia ikae kwenye nyuzi 400, ikigusa shaba pana inapoa papo hapo, nawe unabaki kungoja. Kwa kung'oa, ncha ya kwanza kununua ni ile bapa, yenye umbo la patasi, upana wa milimita 2 au 3. Ile ya sindano inayokuja ndani ya kasha, iweke kwenye droo.

(Kitu kimoja cha fundi bati usikiige: ile asidi yake. Ni nzuri kwa mabati, ila kwenye bodi itaendelea kula shaba kimyakimya wiki nyingi baada ya wewe kulipwa.)

Sasa chuma chenyewe. Kile cha wati 60 kinachochomekwa moja kwa moja ukutani ndicho cha bei ya chini kabisa, na kwa kuunganisha nyaya za spika kinatosha. Kwa bodi, tatizo lake analielewa mwandishi wa programu yeyote: ni kitanzi kisichosoma kihisi. Kinamwaga wati zake bila kujua ncha ina joto gani. Kikikaa bure kinapanda hadi kuunguza ncha ikawa nyeusi na kukataa lehemu. Kikigusa shaba pana kinashuka na hakijui kwamba kimeshuka. Vile vyenye kibonyezo cha kuzungusha kwenye mpini si lazima viwe bora. Vingine vina kihisi, vingine vinapunguza tu stima kama unavyopunguza mwendo wa feni, na namba zilizoandikwa pale ni mapambo.

Halafu kuna stesheni za mezani zilizoiga Hakko 936 ya Japani, modeli ambayo Hakko wenyewe waliacha kuitengeneza zamani lakini waigaji hawajaiacha mpaka leo. Hizi zina kihisi cha kweli. Udhaifu wake ni kwamba kihisi kimekaa ndani ya kijiti cha kupasha, na ncha imevishwa juu yake kama soksi. Kati ya soksi na mguu kuna hewa. Ncha ikipoa, habari inachelewa kufika. Kwa mpangilio wa aina ya T12, kipashio, kihisi na ncha vimetengenezwa kama kitu kimoja, kwa hiyo chuma kinajua mara moja kwamba kimegusa kitu baridi na kinaongeza nguvu hapo hapo. Tofauti hiyo utaisikia mkononi siku ya kwanza. Waigaji wa T12 wako tele, na wengi si wabaya.

Ila mimi nina kipenzi changu na sitakificha. Kinaitwa Pinecil, kilizinduliwa na PINE64 mwaka 2020 kwa bei ya karibu dola 25. Ni kalamu nene tu, na ndani yake mna kompyuta ndogo ya muundo wa RISC-V. Programu inayokiendesha, IronOS, ni huria: ilianzia kwenye chuma kingine kidogo, TS100 ya Miniware, na unaweza kuisoma mstari kwa mstari. Msiniambie napendelea kabila langu :-) kwani sababu yangu kubwa si hiyo. Sababu ni kwamba hakihitaji stima ya ukutani. Kinakula umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 24.

Hebu tupige hesabu. Ncha yake ya kawaida ina ukinzani wa omu 8 hivi. Nguvu ni volti zidisha volti, gawanya kwa ukinzani. Ukikiunganisha na betri ya sola ya volti 12 unapata 144 gawa 8, yaani wati 18: inatosha kwa vipuri vidogo, si kwa shaba pana. Chaja kuukuu ya laptopu ya volti 19 inakupa wati 45. Na tundu lake la duara ni la milimita 5.5 kwa 2.5, lile lile la chaja nyingi za zamani za Toshiba na Asus, ambazo hazikosekani kwenye lundo la fundi yeyote. Ukifika volti 24 ni wati 72, na hapo hakuna kitu cha kawaida kitakachokushinda. Mji ambao stima hupotea mara tu mvua inapoanza, na mvua ndiyo iliyoleta kazi yenyewe, chuma kinachofanya kazi kwa betri si anasa. Tahadhari moja tu: chaja ya miguu miwili isiyo na ethi inaweza kuifanya ncha itekenye vidole, na kinachotekenya kidole kinaweza kuua chipu. Tumia chaja yenye ethi, au betri.

Baada ya chuma, pesa inayobaki iende kwenye vitu ambavyo watu huvidharau kwa sababu havina taa wala skrini. Cha kwanza ni kikata waya kidogo chenye makali bapa. Ndiyo, kikata waya. Ikiwa kipuri kimekufa, kwa nini unakiheshimu? Kikate miguu yote, tupa kiwiliwili, halafu ondoa mguu mmoja mmoja kwa chuma na kibano. Kipuri cha miguu 14 kinageuka kuwa kazi 14 rahisi badala ya kazi moja ngumu. Naona watu wakihangaika na mashine za maelfu kuokoa kipuri cha shilingi ishirini ambacho tayari ni maiti.

Cha pili ni flaksi, na hapa sina msamaha. Lehemu inayokataa kuyeyuka vizuri, inayonata na kuvutika kama ulimbo, haihitaji joto zaidi, inahitaji flaksi. Ile ya rosini ndiyo salama kwa anayeanza. Rosini ni utomvu wa msonobari uliosafishwa, na kipande chake kilichopondwa na kuyeyushwa kwenye spiriti safi kinakupa chupa ya miezi. Soma kibandiko cha spiriti kwanza: kama imetiwa mafuta ya mbarika, kama zilivyo nyingi za kusugulia ngozi, iache kwenye duka la dawa.

Cha tatu ni utambi wa shaba, ile kanda iliyosukwa inayofyonza lehemu kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta taa. Ukikosa, chuna waya wa antena ya runinga utoe ule msuko wa ndani, uchovye kwenye flaksi yako, utumie. Lakini hakikisha ni shaba. Antena nyingi za bei rahisi zina msuko wa alumini, nao hauguswi na lehemu hata ukesha. Pampu ya kunyonyea, ile ya springi, nayo ni nzuri kwa matundu makubwa. Ukibahatika kupata yenye mdomo wa mpira wa silikoni, kama zile za Engineer za Japani, mdomo unagusana na bodi bila pengo na kunyonya kunakuwa kwa kweli. Mpira huo wa silikoni huuzwa pia kwa futi, na kipande chake kikivishwa mdomo wa pampu ya kawaida kinafanya kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna hila ambayo ingeandikwa ukutani katika kila karakana: ili kuondoa lehemu, kwanza ongeza lehemu. Ukitia lehemu mpya yenye risasi kwenye kiungo cha lehemu ngumu ya kiwandani, zinachanganyika na kiwango cha kuyeyuka kinashuka. Wenye kutaka kwenda mbali zaidi hutumia mchanganyiko wa bati na bismuthi, ambao huyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Ukiipaka miguu yote ya chipu, inabaki majimaji muda mrefu kiasi kwamba unaisukuma chipu kwa kibano kama ukoko wa ugali juu ya samli. Chuma peke yake, bila bloa, kinang'oa chipu ya miguu 64. Ila ukimaliza safisha kila tone, maana bismuthi iliyobaki ikichanganyika na risasi kiungo kinakuwa dhaifu.

Kuhusu lehemu yenyewe, iliyo bandia imejaa sokoni, na kibandiko si ushahidi. Yeyusha tone na ulitazame likipoa. Ile ya 63 kwa 37 huganda ghafla, ikang'aa. Ikipita kwanza katika hali ya uji, ikaganda polepole ikiwa na uso wa mchanga, umeuziwa risasi nyingi na bati kidogo. Na maadamu tumetaja risasi: moshi unaouona ni wa flaksi, unaudhi mapafu, fungua dirisha. Risasi haipandi na moshi huo kwa joto tunalotumia, inabaki kwenye vidole. Sisi ni watu wa kula ugali kwa mkono. Osha kwa sabuni kabla ya chakula kila mara, na watoto wasichezee takataka za mezani. Yaliyowapata watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambao mahakama mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, yalitokana na risasi nyingi kuliko ya meza yetu kwa mbali sana, lakini ni risasi ile ile.

Basi bloa ni ya nini? Ni ya vipuri ambavyo miguu yake imejificha chini ya tumbo, ambapo chuma hakifiki. Ni ya mtu anayekarabati simu kila siku. Kama ndiyo kazi yako, sawa, nunua, na ukitafuta ya bei nafuu utakutana na familia ya 858D, inayouzwa kwa majina mengi. Naiheshimu mashine hiyo. Baadhi ya matoleo yake yana kidhibiti cha ATmega168 ndani, na kuna watu waliokitupa kile kilichoandikwa kiwandani wakaandika chao, huria, kinachoshika joto vizuri zaidi. Lakini kabla ya kuichomeka ukutani, ifungue. Nazungumza kwa uzito. Waliozifungua wameonyesha nakala ambazo waya wa ethi haujafungwa kwenye kiwiliwili cha chuma, na nyingine ambazo swichi au fyuzi imewekwa kwenye nyutro badala ya laivu, yaani unazima na ndani bado mna volti 240. Weka multimita yako kwenye mlio, pima kutoka mguu wa ethi wa plagi hadi kwenye mdomo wa chuma wa bloa. Ikikataa kulia, usiitumie mpaka uirekebishe. Na usije ukaichomeka kwa adapta ile ya plastiki kwa sababu plagi yake ni ya kigeni. Adapta nyingi zinameza ethi. Kata plagi, funga ya kwetu ya miguu mitatu yenye fyuzi. Hakikisha pia haikuandikwa volti 110.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawatakuambia: bloa haipendi kukatiwa stima. Ukiirudisha kwenye kishikio chake, feni huendelea kupuliza mpaka kipashio kipoe. Stima ikipotea ukiwa kwenye nyuzi 380, feni inasimama, moto unabaki ndani ya mpini, plastiki inalainika na kipashio kinachoka kabla ya siku zake. Kwa Nairobi labda ni bahati mbaya ya mara moja moja. Kwa hapa, msimu wa mvua, ni ratiba.

Usidanganyike pia na ile bunduki ya hewa ya kubandulia rangi. Inatoa moto wa kutosha kuoka bodi nzima, na upepo wake utapeperusha vipuri vidogo kama makapi ya mahindi. Ukihitaji kupasha bodi nene kutoka chini, pasi ya nguo iliyopinduliwa na kufungwa imara kati ya matofali mawili, kwa moto mdogo, inaleta bodi karibu na nyuzi 100 na kazi ya chuma inapungua nusu. Nimeitumia sana. Tafuta pasi kuukuu, usiguse ya nyumbani.

Na mashine kubwa ya kung'olea chipu za laptopu, ile yenye mikono miwili na kamera? Hapo nina neno kali kidogo. Biashara nyingi iliyojengwa juu ya mashine hizo ni ya kupasha chipu moto, laptopu ikawaka, mteja akalipa, baada ya wiki chache ikazima tena. Mwaka 2008 Nvidia walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya kasoro katika baadhi ya chipu zao za laptopu. Kasoro hiyo ilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwenye viungo vidogo kati ya kipande cha silikoni na kitako chake, si kwenye vipira vya lehemu vilivyo chini. Kwa hiyo kuipasha kulikuwa kuamsha mgonjwa, si kumtibu. Laptopu za aina hiyo nyingi ziliishia kwetu kama mitumba, na watu walilipia kupashwa huko mara mbili mbili. Fundi anayejua hilo na bado anachukua pesa bila kumwambia mteja, sina la kumwombea.

Kwa anayetaka oda kamili, pesa ikija kidogo kidogo, mimi ningenunua hivi: chuma chenye kihisi na ncha ya patasi, flaksi, utambi, kikata waya, lehemu ya 63 kwa 37 iliyopimwa kwa macho, multimita kama huna. Yote hayo kwa pamoja, ukinunua Luthuli kupitia mtu anayesafiri au ukaagiza na kungoja, yanakaribiana na bei ya stesheni moja ya bloa na chuma kwa pamoja, zile ambazo chuma chake ni cha kujazia kasha. Kisha omba bodi za ruta na dekoda zilizokufa kabisa, ung'oe kila kilichomo, kimoja kimoja, na uhesabu vidoa ulivyopoteza. Ukimaliza bodi bila kupoteza kidoa hata kimoja, njoo tuzungumze habari za bloa.

Hata hapo bado ningependa muinunue kwa chama. Mafundi watano wa barabara moja hawahitaji bloa tano. Kila mmoja anaitumia nusu saa kwa siku, iliyobaki inakusanya vumbi. Tunachangishana kwa viti vya plastiki na mahema ya matanga, kwa nini tusichangishane kwa mashine moja nzuri iliyofungwa ethi vizuri, ikakaa kwenye kibanda chenye inveta? Nimelipendekeza jambo hili kwa mafundi wawili karibu na stendi. Mmoja amekubali. Wa pili anataka kwanza ajue nani atalipa vile vidomo vya chuma vikipotea.